Mtungi ni Mtungi

Mimi ni karani wa parokia huku Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Majuzi baba yangu mdogo alinisihi nimwongezee binti yake miaka miwili katika daftari la ubatizo, apate kuozwa upesi.

Nikafungua daftari. Somo wa binti ni Mtakatifu Perpetua, Mwafrika aliyeuawa Karthago tarehe 7 Machi 203, pamoja na Felisita mjakazi. Baba yake alimlilia aikane dini. Perpetua akamwonyesha mtungi, akamwuliza kama waweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Basi, naye ni Mkristo.

Nikalifunga daftari, sikuandika neno. Mpaka leo baba mdogo haitikii salamu zangu.

Ndugu wasomaji, kusema kweli mbele ya mzazi ni kazi ngumu. Mtakatifu Perpetua, utuombee.