Sitara ya Nyumba za Lamu na Kompyuta ya Dukani

Msafiri ashukaye gatini Lamu na kupanda vichochoro vya Mkomani hakawii kutambua kuwa mji huu ulijengwa kwa kuzingatia sitara. Nyumba zake za matumbawe na boriti za mikoko, ambazo zilifanya mji mkongwe uingizwe na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hutazama ndani. Mgeni hulakiwa dakani, akaketi barazani. Nyuma ya mlango ipo tekani, na njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, hata apitaye nje asiwaone wenyeji ijapokuwa mlango u wazi. Na palipo na wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, wanawake waliweza kutembeleana bila ya kushuka njiani. Waliojenga hivi walijua maana ya hodi, ambayo aya ya 27 ya Surat An-Nur imeiamrisha kwa kila aingiaye nyumba isiyo yake.

Hatua chache kutoka Usita wa Mui tuliingia mahali pasipo na daka wala tekani: saiba. Kompyuta nne, viti vya plastiki, na mlango ambao vijana huegemea wakipiga soga. Hapo ndipo mama huomba pasipoti kupitia eCitizen, na binti huchagua chuo kwenye tovuti ya KUCCPS. Tuliketi, tukafungua kivinjari, na mara tukakabiliwa na barua pepe za dada aliyetoka punde tu. Jina lake lilikuwa juu, na chini yake barua yenye anwani ya hospitali. Tuligeuza uso, tukamwomba mwenye duka amkimbilie. Alirudi kwa haya nyingi, akasema, "Lakini nalifunga, Sheikh."

Kweli alifunga, lakini alichofunga ni dirisha. Tovuti humtambua mtu kwa alama ndogo inazoziacha katika kivinjari, ziitwazo vidakuzi, jina linalotukumbusha mdakuzi wa mtaani. Alama hizo husalia dirisha likishafungwa, na tovuti humpokea ajaye kana kwamba ni yule yule. Ndiyo maana ni lazima kubonyeza mahali pa kutoka kwenye akaunti, na kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, jibu ni hapana.

Lililo bora ni kuanza kwa dirisha la faragha. Katika Chrome hubonyezwa Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Katika Firefox ni Ctrl, Shift na P. Ukiyafunga madirisha yote ya namna hiyo, kivinjari hakiweki kumbukumbu ya kurasa ulizozuru wala vidakuzi vyake. Ila pazia hili lina mipaka, na wengi hudanganyika nalo. Mwenye mtandao aweza bado kujua tovuti ulizoziendea. Faili uliyoipakua, kama nakala ya kitambulisho, hubaki kwenye kompyuta mpaka uifute, na uifute hata katika pipa la taka. Aliyekwisha kutumia dirisha la kawaida na abonyeze Ctrl, Shift na Delete, afute historia na vidakuzi. Na aliyeacha WhatsApp yake ikiwa wazi kwenye kompyuta ya watu aingie simuni, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, aiondoe kompyuta hiyo, hata akiwa amekwisha kufika kwake Shela.

Tumewasikia wasemao kwamba asiye na ovu hana cha kuficha. Hatukubaliani nao. Mwanamke wa Lamu nyuma ya tekani alikuwa akisuka nywele, akimnyonyesha mwanawe, akizungumza na mamake. Hakuwa akitenda ovu, na bado mwashi alimpindia njia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 nacho kinampa kila mtu haki ya faragha, bila ya kumuuliza ana nini cha kuficha. Na hukumu hiyo haiishii saiba: kompyuta moja ya nyumbani inayotumiwa na baba, shangazi na watoto nayo yataka kila mmoja awe na akaunti yake na nenosiri lake.

Kabla hatujaondoka, mwenye duka alituomba tumsaidie kuigeuza meza ya mwisho, ili anayeketi aupe ukuta mgongo. Wasichana wawili waliokuwa wakingoja nje waliingia wakaichagua hiyo.