Barabara isiyo na motokari: safari ya kinga juu ya kisiwa cha Idjwi



Tangu turudi kutoka likizo ya Pasaka, watu wako wanatuuliza kila siku: juu ya nini sisi wafinalisti wane tulikwenda kuchoka na kinga juu ya milima ya Idjwi, wakati egzame ya Serikali iko inakaribia? Tumeona vema kuwajibu wote mara moja katika gazeti letu, kwa sababu kule hatukupata mazoezi ya miguu tu. Tulipata ulizo moja ambalo mpaka leo linatusumbua, na tunataka liwasumbue ninyi pia.

Tuanze na mahali penyewe. Idjwi iko katikati ya ziwa Kivu. Kwa urefu inapata karibu kilometa 40, na watu wake wanapita 200,000. Wanalima ndizi, muhogo, maharagi, kahawa na mananasi, hata pahali ambapo mlima unasimama kama ukuta. Maji ya ziwa yako kwa metre 1,460 hivi juu ya bahari, na vilele vya kisiwa vinapita metre 2,000. Ndiyo kusema, ukishuka kwenye mtumbwi na kinga yako, hakuna kazi nyingine isipokuwa kupanda.

Watu wengi wanafikiri kama Idjwi ni volkano iliyotoka ndani ya maji. Si hivyo. Milima yake ni ya mawe ya zamani sana kuliko volkano zetu. Lakini bila volkano, kisiwa hakuna. Zamani maji ya bonde hili yalikuwa yanashuka upande wa kaskazini, kuelekea ziwa Edouard. Volkano za Virunga zilipotapika, mawe ya moto yaliganda na kufunga njia ile, sawa vile mtu anafunga mfereji na udongo. Maji yakakosa pa kupita, yakapanda, yakajaza bonde, mpaka yakapata mlango mpya upande wa kusini: ndio mto Ruzizi unaokwenda Tanganyika. Mlima uliokuwa katikati ukabaki na kichwa nje ya maji. Kichwa kile ndicho Idjwi. Nyiragongo iliyotapika mwaka 1977, na 2002, na tena 2021, ni wa jamaa ile ile. Ndugu zetu wa Goma wanajua ukali wake, kwa maana mwaka 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Sisi tulikwenda kutembea juu ya neema ya volkano, tukiacha ukali wake ng'ambo.

Sasa kinga. Tulikuwa watu wane, na wawili kati yetu ni wazaliwa wa kisiwa. Kinga zilikuwa mbili, zile nzito za chuma za kubebea mizigo, hazina vitesi. Mmoja anaendesha, mwenzake anakaa nyuma. Mlima ukianza, wote wawili wanashuka na kusukuma. Barabara ni ya udongo mwekundu na vijiwe, na kila mtu anayeijua alitupa sheria yake. Sisi tunawapa zile tulizoona kuwa za kweli.

Kupanda ni kusukuma, kushuka ni kuomba. Usikamate freni toka juu mpaka chini, kwa maana chuma cha gurudumu kinapata moto na kawuchu ya freni inakwisha. Kamata, achia, kamata tena, na pahali pazuri simama upumzike. Ndani ya kona yenye vijiwe, usikamate freni ya mbele, maana gurudumu litateleza na wewe utakwenda kulima na mdomo. Mpira usiujaze upepo mpaka uwe mgumu kama mti, maana utaruka juu ya kila jiwe. Punguza kidogo, lakini si sana, jiwe lisije kuuma mpira wa ndani. Na kama mvua imenyesha, beba kijiti cha kutolea udongo. Udongo wa Idjwi unapenda magurudumu kuliko sisi tunavyoyapenda.

Lakini furaha, ndugu zetu! Motokari za kule ni za kuhesabu na vidole. Piki-piki ziko, lakini kwenye njia za ndani unaweza kupanda asubuhi nzima bila kusikia sauti ya motere. Unasikia cheni yako, unasikia jogoo wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, unasikia watoto wanaotoka kuteka maji. Hauli vumbi la mtu mwingine. Tena haiwezekani kupita mtu bila salamu. Huku kwenye barabara kubwa mwenye motokari anapiga honi tu, na mwenye miguu anaruka ndani ya mfereji. Kule anayeshuka anapunguza mwendo, anasalimia mama mwenye mzigo, anauliza habari za nyumbani. Kwa siku tatu tulisalimia watu wengi kuliko muhula mzima wa masomo.

Siku ya pili, mchana, tulikuwa tumepumzika juu ya kilima, ziwa liko chini yetu pande mbili. Tukawa tunasema kati yetu: Mungu asilete kamwe motokari hapa. Tulikuwa bado tunasema vile, tukaona kipoyi.

Wanaume wane walikuwa wanabeba, wengine wane wanafuata kwa kubadilisha bega, na nyuma mama mmoja mzee anakimbia na kitambaa na termosi. Juu ya kipoyi kulikuwa mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu usiku. Tukauliza juu ya nini hawakutafuta piki-piki. Wakajibu kama mvua ya asubuhi ilifanya njia yao kuwa sabuni, na tena mama katika hali ile hawezi kuketi juu ya piki-piki. Kweli, tulipomwona, tuliona ulizo letu lilikuwa la mtu asiyejua.

Kituo cha afya kilikuwa mbali, mwendo wa saa moja na zaidi kwa kipoyi. Tukagawanya kazi. Wawili wenye mikono hodari ya freni walishuka na kinga zote mbili kwenda kuonya muganga. Wawili tuliobaki tuliweka bega chini ya mti wa kipoyi. Hapo ndipo tulijifunza barabara ile kwa mara ya pili. Vijiwe vilevile tulivyovifurahia asubuhi, sasa kila kimoja kilikuwa adui. Mtu mmoja akiteleza, mgonjwa analia. Pahali mto wa mvua ulikuwa umekata barabara, sisi na kinga tulikuwa tumeruka tukicheka. Na kipoyi, ilipashwa kushuka polepole sana, watu wane ndani ya shimo, wane juu, na hakuna aliyecheka.

Tulipofika, taa ilikuwa imewashwa tayari, kitanda tayari, maji ya moto tayari. Kinga ziliokoa ule wakati ambao muganga angetumia kutafuta vyombo. Mtoto alizaliwa mbele ya giza kuingia, msichana, na mama yake mzima. Tunamshukuru Mungu.

Usiku, kwa baba ya mwenzetu, tulisimulia mambo yote, na sisi, kwa kuwa tulikuwa tumezoea kusema vile, tulisifu tena utulivu wa barabara. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: «Batoto bangu, ninyi munafurahi juu motokari haiko. Sisi tunalia juu motokari haiko. Barabara ni moja.» Akatuonyesha mananasi yaliyolala kando ya nyumba, mengine yameanza kuoza, kwa maana mtu wa kuyabeba mpaka bandarini alikuwa hajapatikana. Hakukasirika. Alisema tu vile mtu anasema hesabu.

Kusema kweli, tulikosa jibu. Na hata leo hatutaki kujifanya kama tumelipata lote. Kwa upande mmoja, tumeona barabara za mainzi na za honi, pahali mtoto wa shule hawezi kuvuka bila hofu. Motokari ikifika Idjwi kwa wingi, salamu zitapungua, hilo tunaliamini. Kwa upande mwingine, namna gani sisi, watu wa siku tatu, tutaomba watu wa siku zote wabaki bila njia ya kupeleka mgonjwa, ili sisi tupate mahali pazuri pa kuendeshea kinga? Njia ya Yeriko, ile ya yule Msamaria, ilikuwa kimya nayo. Kimya chake kilikuwa kizuri kwa mwenye afya, na kibaya kwa aliyelala chini.

Tulipofikiri zaidi, tukaona neno moja. Yule mama hakuteswa na ukosefu wa motokari peke yake. Aliteswa na lile shimo la maji. Hata motokari ya hospitali ingefika pale, ingesimama. Barabara za milimani zinauliwa na maji mbele ya kuuliwa na magurudumu: mvua inapotelemka katikati ya barabara kwa kukosa mfereji wa kando, inachimba, na mwaka unaofuata hakuna kinga, hakuna kipoyi, hakuna motokari. Kuchimba mfereji wa kando hakuombi mashini. Kunaomba jembe, na mikono, na watu kupatana siku. Barabara yenye mifereji inamfaa mwenye kinga sawa na mwenye mgonjwa, na huo ndio upande tuliouchagua sisi.

Basi ndugu wanafunzi, tunafikia kwenu. Ile njia inayoshuka nyuma ya shule yetu mpaka kwa dispansere, ninyi wote munaijua. Kwa kona ya pili maji yamekwisha kula nusu yake, na tunapita kando tukilalamika kila siku. Tumesema na Bwana Prefe, naye amekubali salongo ya siku ya posho hii ichimbe mifereji pale, pahali pa kufyeka uwanja. Wafinalisti tutatangulia, egzame au hapana egzame. Wa madarasa ya chini mulete majembe na vikapu vya mawe, na mwenye kinga ailete vilevile, kwa maana mawe ya kujaza shimo yako mbali, na portbagaji moja inabeba kuliko vichwa vitatu.

Saa moja ya asubuhi, mbele ya jua kuwa kali. Tutaonana pale.