Kabla Hujaosha kwa Petroli

Plymouth, Uingereza, ninakofanya kazi, mashine ya boti haifunguliwi kabla trei nyeupe na vifuko vya plastiki havijawekwa mezani. Kila kinachotoka ndani, hata chenga ndogo kama punje ya mchele, huandikwa kilipopatikana. Oili nayo huchotwa kidogo ikapelekwa maabara. Chuma kikizidi, gia au silinda zinalika. Alumini huelekeza kwenye pistoni. Silikoni mara nyingi ni mchanga uliopita. Sodiamu mara nyingi ni maji ya bahari yaliyoingia.

Kwetu Kiritiri fundi wa jua kali ana sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, na vidole vyake. Nilipokuwa nyumbani, jamaa yangu anayevua katika bwawa la Kamburu alimletea mashine kuukuu ya kufunga nyuma ya boti, ya mtumba, aliyoinunua Mombasa. Ilikuwa ikichemka baada ya mwendo mfupi, na tundu la kutemea maji lilidondosha tu. Kichwa cha silinda kilipotoka, njia za maji zilikuwa zimezibwa na udongo mwekundu, ukoko mweupe mgumu, na kipande cheusi cha raba.

Udongo haukushangaza mtu. Mto Thiba huingia Kamburu ukitoka pande za Mlima Kenya na Mwea, na boti ikipita kwenye maji ya kina kifupi pampu hunyonya tope. Ukoko ndio ulimfanya fundi anyamaze. Akauonja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Chumvi hiyo haikutoka bwawani. Mashine ilikuja nayo kutoka baharini. Kisha akafungua pampu ya maji. Impela ya raba ilikuwa nzima, mapanga yake yote yapo. Akasema, “Hii raba ni ya impela ya zamani. Aliyeibadilisha hakutafuta panga lililokatika.” Kwa hiyo mwenye mashine wa awali aliweka impela nzima na kuacha kizibo ndani, na tope la Kamburu likamalizia.

Maabara isingeona hayo. Mashine kama hii, zinazochoma oili pamoja na petroli, hazina oili ya injini ya kupima, ni ile ya giaboksi tu, na raba ile ilikwama kwenye njia ya maji. Kwa macho na mikono, fundi yule hazidiwi na yeyote ninayefanya naye kazi huku.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Aliosha kila kitu kwa petroli, akapangusa kwa kitambaa, na ushahidi wote ukaishia mchangani. Huku Uingereza mashine iliyotunzwa vizuri mara nyingi huuzwa pamoja na daftari lake la matengenezo. Mnunuzi anajua impela ilibadilishwa lini na nini kilipatikana. Jamaa yangu alinunua mashine bila hata karatasi moja, na fundi atakayeifungua baadaye ataanza upya.

Ndugu zangu mafundi wa Kiritiri, Kamburu na Masinga: kabla ya petroli, tieni mabaki kwenye mkebe, mwandike tarehe na mahali yalipotoka, mkebe ukae na mwenye boti. Na impela ikitoka bila panga moja, msifunge mashine hadi panga hilo lipatikane.