Mvulana na Sungura Wake Wawili

Katika milima ya Usambara, karibu na mji wa Lushoto, alikaa mvulana mmoja aliyekuwa akisoma darasa la tano. Kwao hapakuwa na ng'ombe, ila kuku wachache na mbuzi mmoja wa bibi yake. Siku moja mjomba wake alipanda kutoka Korogwe kuja kuwaamkia wazee, naye alichukua kikapu mkononi. Kikapu kilipofunguliwa wakaonekana sungura wawili, wote majike, mmoja mweupe na mmoja wa kijivu. Umri wao ulipata majuma 8.

Mjomba akamwambia, "Mwanangu, hawa ni wako. Huku kwenu kuna baridi, watastawi kuliko kwangu, kwa maana joto kali humwumiza sungura. Nitarudi baada ya miezi 3. Nikiwakuta wazima, nitakuletea na dume, upate kuzalisha."

Mvulana akampokea kikapu kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mjomba. Utawakuta wazima."

Dada yake mdogo, aliyekuwa na miaka 6, akamchagua yule mweupe, akampa jina la Pamba.

Mvulana alikuwa amesikia hadithi nyingi za sungura, jinsi amshindavyo fisi na kumdanganya simba. Kwa hiyo alidhani ya kuwa mnyama mwenye akili kama huyo hana haja ya kutunzwa sana, maana atajua mwenyewe la kumfaa na lisilomfaa. Walakini sungura wa hadithi si huyu wa bandani. Yule ni wa porini. Hukaa juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wana manyoya, na macho yao yamefumbuka. Huyu wa kufugwa asili yake ni nchi ya Hispania na jirani zake, ambako huchimba mashimo na kukaa ndani. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, hata zipite siku 10 hivi ndipo wafumbue macho. Mvulana alizijua hadithi, lakini mnyama mwenyewe hakumjua.

Basi akawajengea banda la mbao, akaliweka chini kabisa, nyuma ya jiko. Akawalisha vile vitu alivyovipenda yeye mwenyewe: ugali uliobaki, vipande vya mkate, punje za mahindi na ndizi mbivu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, alikata majani ya kabichi shambani, yangali yana umande, akayatupa juu ya sakafu ya banda. Maji hakuwapa, kwa kuwa aliwasikia watu wakisema kwamba sungura hanywi maji.

Bibi yake akamwuliza, "Mjukuu wangu, mbona wanyama hawa hawapati nyasi?"

Akajibu, "Bibi, nyasi ni chakula cha mbuzi. Hawa ni wageni, na mgeni hupewa kilicho kizuri." Bibi akanyamaza.

Katika juma la tatu, siku moja jioni, mvulana alimwona Pamba amejikunyata pembeni, tumbo limevimba, naye anasaga meno polepole. Kabichi ya asubuhi ilikuwa ingali pale pale. Lakini wenzake walikuwa wakimwita uwanjani kucheza mpira. Akajiambia, "Atakula kesho," akaenda zake. Kulipokucha Pamba alikuwa amekufa.

Dada yake akalia sana, akauliza, "Kaka, ameuawa na nani?"

Mvulana akaona haya. Akasema, "Labda ni nyoka, alikuja usiku." Wakamzika chini ya mgomba. Bibi alisikia neno lile la nyoka, akamtazama mjukuu wake, asiseme kitu.

Siku ya nne yule wa kijivu naye akaacha kula. Hapo hofu ikamwingia mvulana. Akakumbuka vidonge vya amoksilini vilivyobaki mkebeni tangu dada yake alipougua kikohozi. Akakitwaa kimoja, akakifungua, akaanza kukikoroga katika maji. Bibi akamshika mkono.

"Unafanya nini?"

"Nampa dawa, bibi."

"Dawa ya mtu si dawa ya mnyama. Mchukue, uende kwa bwana mifugo."

"Bibi, atanicheka. Ataniuliza yule mwingine yuko wapi."

Bibi akasema, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Katika nyumba hii tumekwisha kulia mara moja."

Mvulana akamtia sungura kikapuni, akamfunika kanga ya bibi, akaenda kwa miguu mwendo wa saa nzima. Alipofika akasema, "Shikamoo, bwana." Bwana mifugo akaitika, "Marahaba, kijana. Tuone umeleta nini." Naye hakumgusa mnyama kwanza, bali aliuliza: Anakula nini? Ameacha kula tangu lini? Mavi yake yakoje? Alikuwa peke yake? Mvulana akasita. Kisha akasema kweli yote, habari za kabichi, za ugali, za Pamba, na za kile kidonge.

Bwana mifugo hakumcheka. Akasema, "Bibi yako amemwokoa mnyama huyu. Ndani ya tumbo la sungura mnakaa vijidudu vingi vyema visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyomsaidia kusaga majani. Dawa ya namna ile, akiimeza, huviua vile vyema, na vile vibaya huongezeka na kutoa sumu. Sungura wengi wamekufa kwa mkono wa mwenyewe aliyetaka kuwaponya."

Kisha akampima uzito, akampapasa tumbo, akatazama meno, masikio na pua. Akaona uchafu laini umeganda nyuma ya miguu. Akatambua kwamba mnyama ana maradhi mawili. La kwanza ni tumbo kusimama kwa kukosa nyasi. La pili ni koksidiosi, maradhi ya utumbo yaletwayo na vijidudu vya mavini, ambayo huwashika hasa sungura wachanga wanaokula chakula kilichotupwa juu ya sakafu chafu yenye unyevu. Akampa dawa kwa kadiri ya uzito wake, akamnywesha maji kidogo kidogo kando ya mdomo kwa bomba lisilo na sindano.

Alipokuwa akifanya kazi hiyo alimweleza mvulana mambo mengine. Sungura hawezi kutapika. Kila kiingiacho lazima kipite mpaka mwisho, na kinachokisukuma ni nyuzinyuzi za nyasi. Akikaa nusu ya siku bila kula, yu hatarini, wala si jambo la kungoja kesho. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote; yale ya mbele hukua milimeta 2 hivi kwa juma, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Tena sungura ana mavi ya namna mbili: yale makavu ya mviringo, na mengine laini ambayo huyala yeye mwenyewe, ili apate nguvu iliyosalia ndani yake. Mtu akiona hivyo asichukizwe, kwa maana ndivyo alivyoumbwa. Zaidi ya hayo, sungura ni mnyama anayewindwa, na mnyama anayewindwa huficha ugonjwa wake. Siku atakapoonyesha kwamba anaumwa, ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Usiku ule mvulana hakulala. Alikaa kando ya kikapu pamoja na dada yake, nyasi kavu mkononi. Baada ya kitambo akasema, "Hapakuwa na nyoka. Mimi nilimlisha Pamba vibaya, nikamwona anaumwa, nikaenda kucheza."

Mtoto akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akazichukua zile nyasi mkononi mwa kaka yake, akazisogeza karibu na mdomo wa sungura. Karibu na alfajiri wakasikia sauti ndogo ya kutafuna. Kulipopambazuka walikuta kikapuni vidonge vya mavi, vikavu na vya mviringo kama mbaazi. Mtoto akavihesabu, vilikuwa 11. Akakimbia kumwita bibi, kana kwamba ameokota fedha.

Tangu siku ile mvulana akabadili kila kitu, ila chakula hakukibadili kwa siku moja. Alikipunguza kile cha zamani na kukiongeza kipya polepole, kwa muda wa siku zaidi ya 7, maana tumbo la sungura halipendi ugeni wa ghafula. Nyasi zilizoanikwa zikawapo usiku na mchana, fungu lisilopungua ukubwa wa mwili wa mnyama mwenyewe. Majani mabichi, kama matembele na kishona nguo, aliyakata, akayaacha yanyauke kidogo kivulini, ndipo akampa. Karoti na ndizi alimpa kipande kidogo tu, na si kila siku. Ugali na mkate akaviacha kabisa. Aliambiwa pia ajihadhari na parachichi na majani yake, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, na majani mabichi ya mhogo, kwa kuwa hivyo vina sumu. Maji safi yakawekwa katika chombo kizito kisichopinduka, kwa maana sungura hunywa maji, na akiyakosa huacha na kula.

Banda nalo likainuliwa juu ya miguu minne, na kila mguu ukasimama ndani ya kopo lenye oili chafu, ili siafu wasipande. Sakafu ikafagiliwa kila siku, na nyasi zikawekwa katika kihori, zisikanyagwe. Mvulana akajifunza kutomwinua sungura kwa masikio. Hutia mkono mmoja chini ya kifua na wa pili chini ya makalio, kwa kuwa sungura akirusha miguu huku ananing'inia aweza kuvunjika mgongo. Na kila asubuhi aliuliza maswali yale yale: Amekula? Amekunya? Pua yake ni kavu? Ndani ya masikio mna ukoko? Kama kuna ukoko hakuubandua, maana huo ni kazi ya upele, nao hutibiwa kwa dawa ya bwana mifugo.

Miezi 3 ilipotimia mjomba akaja. Kabla hajaulizwa neno, mvulana akasema, "Shikamoo, mjomba. Mmoja amekufa, na sababu ni mimi."

Mjomba akaitika salamu, asiseme zaidi. Akaenda bandani, akatia kidole katika maji, akanusa sakafu, akaziinua nyasi za kihorini, akamtoa yule wa kijivu na kumtazama masikio. Akamwuliza mvulana majani yale ameyakata lini, naye akamjibu. Kisha akarudi mlangoni, akaleta kikapu alichokuwa amekiacha nje. Ndani yake mlikuwa na dume jeusi.

"Huyu awe na banda lake," alisema. "Jike lako lingali na miezi 5, ngoja mwezi mmoja zaidi. Akishika mimba atazaa baada ya siku 31 hivi."

Mvulana akapokea kwa mikono miwili, lakini mara hii hakuahidi kitu. Dada yake akasogea, akachungulia ndani ya kikapu. Hakuuliza habari za jina. Alisema, "Mjomba, huyu kule kwenu alikuwa akila nini?"