Giza la Johannesburg na Mwendesha Baiskeli



Sisi tuliolelewa karibu na ikweta tumezoea jua linaloshika zamu yake: mwaka mzima huzama karibu saa ile ile. Johannesburg haina desturi hiyo. Mwezi Desemba jua hutua karibu saa moja usiku. Mwezi Juni hutua kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Saa ya kutoka kazini haibadiliki, bali njia ya kurudi nyumbani hugeuka kuwa ya giza.

Tuitazame njia ya baadhi yetu wanaokaa Mayfair na kufanya kazi Malvern. Kwa kuwa njia hiyo huelekea mashariki, asubuhi hukabili jua linalochomoza. Jioni, kupitia barabara ya Jules na katikati ya mji, hukabili jua linalozama. Miwani ya jua hapo ina faida. Lakini karibu na Fordsburg mtu hupita chini ya barabara kuu ya M1, na miwani ile ile humfumba macho ghafula. Yafaa basi kuchukua pia miwani isiyo na rangi. Ile ya plastiki ngumu wanayovaa mafundi haina gharama kubwa, nayo hukinga vumbi la Agosti na mvua za Desemba. Ya manjano isitudanganye: haiongezi mwanga, huupunguza.

Ama taa, zina kazi mbili: kuona na kuonekana. Mgao wa umeme uliorudi mara kwa mara tangu mwaka 2007, pamoja na wizi wa nyaya, umetufundisha tusizitegemee taa za mji. Taa nyeupe ya mbele na imulike shimo lililo njiani, ikiinamishwa kidogo isimpofushe dereva anayekuja. Nyekundu ya nyuma iwake mfululizo, ili dereva aweze kukadiria umbali. Dinamo za kale hazihitaji betri, lakini huzimika tukisimama kwenye roboti, mahali ambapo magari hutukaribia zaidi. Vibao vya kuakisi mwanga navyo hung'aa tu vikimulikwa. Gari litokalo kichochoroni halivimuliki mpaka limekwisha kufika.

Tuchague taa zinazofunguka upesi, tuzitie mfukoni tunapoiacha baiskeli, kwani wezi nao huzipenda. Kofia ngumu ni amri ya sheria ya nchi hii. Na barabara za M1 na M2 ni marufuku kwa baiskeli, hata kama zinafupisha safari.

Nauli ya teksi iliyookolewa kwa mwezi ni chakula cha watoto. Sehemu yake ndogo tuitenge kwa taa na miwani kabla ya Mei kwisha, ili anayengojewa mezani afike.