Fedha Hii Ni ya Nani?

Sisi Walutheri tumezoea kusikia habari za fedha kanisani kwa namna mbili: sadaka inapotangazwa na tamaa inapokemewa. Katikati ya hayo mawili kuna shamba kubwa ambalo Mkristo huliingia peke yake siku sita za juma. Humo ndimo anamoamua aweke wapi kile kidogo kilichobaki baada ya ada, chakula na sadaka. Mwaka 2020 usharika wetu uliingia katika shamba hilo wote kwa pamoja, kwa swali hili: je, ni halali, na ni busara, kununua hisa za benki zenye gawio kubwa wakati uchumi unayumba?

Kila msharika anaukumbuka mwaka ule. Ibada zilifupishwa, viti vikaachanishwa, ndoo za kunawia zikasimama mlangoni. Mnada wa baada ya ibada, ambapo mkungu mmoja wa ndizi huuzwa mara tatu na bado unarudi madhabahuni, ulinyamaza. Wenzetu waliofanya kazi hotelini na kwenye utalii walirudi nyumbani bila mshahara. Sadaka ilipungua huku mahitaji yakiongezeka. Benki tulikuwa na mifuko miwili. Wa kwanza ulikuwa wa jengo la shule ya Jumapili, uliokusanywa kwa miaka minne. Wa pili ulikuwa wa diakonia, unaowalipia wajane na yatima chakula, dawa na ada.

Katika kikao cha Baraza la Wazee, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya benki alileta hoja. Alisema bei za hisa za benki zimeshuka katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lakini benki bado zinatengeneza faida. Hisa iliyouzwa shilingi 200 na kutoa gawio la shilingi 10 ilikuwa inampa mwenye nayo asilimia 5. Ikishuka hadi shilingi 100, gawio lile lile ni asilimia 10, na hata baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 ya gawio lenyewe, bado linabaki kubwa. Akatukumbusha mfano wa talanta katika Mathayo 25. Mtumwa aliyefukia talanta yake alikemewa kwa sababu ya woga, na bwana wake alimwambia angalau angewapa watoao riba. "Wachungaji wetu," akasema, "mnatuhubiri tusiogope. Basi na tusiogope."

Hoja ile haikuwa ya kipuuzi. Mzee yule alijua anachosema, na ushahidi wa soko letu ulikuwa upande wake kwa sehemu kubwa. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009. Mwaka 2019 sokoni zilipatikana kwa chini ya hapo. Gawio lake, lililokuwa shilingi 5 kwa mwaka 2017, lilifika shilingi 17 kwa mwaka 2019. Aliyetazama kwa makini aliona benki inayoinuka huku bei yake imelala.

Lakini hesabu ya asilimia ina mtego ndani yake. Gawio linalotajwa ni la mwaka jana, na bei ni ya leo asubuhi. Soko linapoteremsha bei kwa nusu, mara nyingi linasema kwamba gawio la mwaka ujao halitakuwa kama lile. Na benki si kama kiwanda cha saruji. Fedha inazokopesha kwa sehemu kubwa ni za wateja wake, na mtaji wa wanahisa ni ukuta mwembamba unaotangulia kupokea hasara. Wakopaji wakishindwa kulipa, mikopo chechefu huongezeka, benki hutenga fedha za kufidia hasara, na kinachokatwa mapema ni gawio. Wakati mwingine si uamuzi wa benki wenyewe. Mwisho wa Machi 2020 msimamizi wa mabenki wa Uingereza alizitaka benki kubwa za huko zisitishe magawio, nazo HSBC, Barclays na Lloyds zikatii. Huko Hong Kong wapo wazee waliokuwa wakiishi kwa gawio la HSBC, nao walikosa riziki hiyo kwa tangazo moja. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, huko Marekani, Citigroup na Bank of America zilipunguza gawio la robo mwaka hadi senti moja kwa hisa. Kabla ya kupunguzwa, hizo nazo zilionekana kwenye orodha za hisa zenye gawio nono.

Sisi Watanzania tulikuwa na kumbukumbu yetu pia. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji. Mwenye amana ana kinga ya Bodi ya Bima ya Amana mpaka kiwango kilichowekwa. Mwenye hisa hana kinga hiyo. Yeye ni mwenye mali, na mwenye mali hulipwa akiwa wa mwisho.

Tulibishana mpaka taa zikawashwa. Ndipo mama mmoja, mhazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyekuwa kimya muda wote, akaomba nafasi. "Mzee wangu, nakuheshimu, na hesabu yako nimeielewa. Mimi nauliza mambo mawili tu. Fedha hii ni ya nani? Na mwenyewe ataihitaji lini?"

Swali hilo lilitufundisha kusoma upya Mathayo 25. Katika mfano ule, bwana aliwakabidhi watumwa mali yake, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, naye akakaa muda mrefu kabla ya kurudi. Mali ilikuwa yake na muda ulikuwepo. Mfuko wetu wa diakonia haukuwa hivyo. Waliotoa walitoa ili mjane ale mwezi huu. Kuipeleka fedha ile sokoni kungekuwa kuibadilishia kazi bila ruhusa ya aliyetoa wala ya aliyekusudiwa kupokea. Katika Katekisimu tunafundishwa kwamba amri ya saba haiishii kwenye kutoiba. Inatudai pia tuilinde mali ya jirani. Ujasiri wa kuhatarisha kilicho chako unaweza kuwa imani. Kuhatarisha kilicho cha mjane kwa jina la imani ni jambo jingine.

Wapo waliouliza kama gawio lenyewe si riba iliyokatazwa. Hapa Luther anatusaidia, ingawa soko la hisa la namna yetu hakulijua. Alipoandika juu ya biashara na riba mwaka 1524, kilichomchoma ni mkopeshaji anayejihakikishia faida huku hatari yote akimwachia mkopaji. Alitaka anayetamani faida akubali pia kushiriki hasara. Mwanahisa yuko hivyo. Akipata, anapata pamoja na benki. Ikianguka, anaanguka nayo. Kwa hiyo tuliona kwamba kununua hisa si dhambi. Ila anayenunua akidhani gawio ni mshahara aliohakikishiwa anajidanganya juu ya alichonunua.

Tuliamua hivi. Mfuko wa diakonia usiguswe. Mfuko wa jengo, kwa kuwa mafundi walitarajiwa ndani ya miaka miwili, ubaki kwenye amana ya muda maalumu. Washarika wenye akiba yao binafsi, isiyo ya ada wala ya matibabu, na wanaoweza kusubiri miaka mitano au zaidi, wafundishwe na yule mzee jinsi ya kufungua akaunti kwa dalali wa hisa na kusoma hesabu za benki. Alikubali kwa moyo mkunjufu, na darasa lake Jumamosi lilikuwa na watu kumi na wawili.

Mwezi Julai mwaka ule ule mjane mmoja wa usharika alihitaji upasuaji. Fedha za diakonia zilitoka ndani ya siku mbili. Kama zingekuwa kwenye hisa, tungelazimika kumtafuta mnunuzi, katika soko ambalo siku nyingine hisa za kampuni fulani hazipati hata mnunuzi mmoja, na kumuuzia kwa bei yoyote anayotaka. Mama yule alipona. Hadi leo anaimba kwaya.

Lakini hatuwezi kuficha upande wa pili. Bei za hisa za benki zilipanda sana. Mwaka 2024 hisa za CRDB ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 500, na gawio la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50. Wale kumi na wawili waliofuata darasa na kuvumilia wamevuna. Kijana mmoja alisimama katika mkutano mkuu wa usharika akasema, "Tungewasikiliza wazee wa fedha, leo tungekuwa na majengo mawili." Hesabu yake ni sahihi, na ukumbi ulinyamaza.

Tulimjibu, na tungemjibu hivyo hivyo leo, kwamba uwakili haupimwi kwa bei iliyokuja baadaye. Aliyevuka mto uliofurika akafika salama hakuthibitisha kwamba mto ulikuwa salama kwa mtoto aliyembeba mgongoni. Mwaka 2020 hakuna kati yetu aliyejua mwisho. Tulichojua ni mwenye fedha na saa yake ya kuihitaji. Mhubiri naye, katika sura ya 11, anatushauri tugawe tulicho nacho katika sehemu nyingi kwa sababu hatujui baya litakalotokea duniani. Shauri hilo halimkatazi mtu kupanda. Linamkumbusha tu kwamba hauoni msimu mzima.

Basi, mpendwa msomaji, siku uchumi utakapoyumba tena na mtu akakuonyesha gawio nono kwa bei ya chini, usimfukuze kama shetani, wala usimpokee kama malaika. Mwulize gawio hilo ni la mwaka gani, mikopo chechefu ya benki hiyo ikoje, na mtaji wake unatosha kiasi gani. Kisha jiulize maswali ya yule mama. Ikiwa fedha ni yako na saa yake haijafika, panda kwa shukrani, ukikubali kwamba mvua inaweza isinyeshe. Ikiwa ni ya mtoto wako, ya kikundi au ya mjane, itunze ipatikane siku atakapoidai. Na kwa lolote litakalotokea sokoni, tunaendelea kuomba mkate wa kila siku kwa Baba yule yule, ambaye hajawahi kutuahidi asilimia, lakini ametupa majirani wa kuwatunza.