Ahadi Tulizowasemea Watoto

Akina mama wenzetu, mwaka huu nyumbani kwetu Dodoma tulikuwa na maandalizi mawili kwa wakati mmoja. Kitindamimba wetu alikuwa akingojea ubatizo, na dada yake mkubwa, mwenye miaka 14, alikuwa katika darasa la Kipaimara.

Katika Kanisa letu la Anglikana mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mtoto mchanga hawezi kujibu, hivyo wasimamizi wa ubatizo humsemea kwamba anamkataa Shetani, anaamini imani ya Kikristo, na atazishika amri za Mungu. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kiliagiza wasimamizi watatu: mtoto wa kiume, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wa kike, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Sisi tuliwachagua kwa mwenendo wao, si kwa mifuko yao. Katika Kipaimara, mtoto huzikubali ahadi hizo kwa kinywa chake mwenyewe, naye askofu humwekea mikono, kama Petro na Yohana walivyowawekea mikono waumini wa Samaria (Matendo 8).

Kila Jumamosi binti alikwenda kujifunza Imani ya Mitume, Amri Kumi na Sala ya Bwana. Jioni, tukichagua mchele, tulimsikiliza akirudia masomo. Gauni jeupe lilikwisha kushonwa, na bibi yake alikwisha kutuma habari kwamba anakuja kutoka Mpwapwa.

Siku moja akauliza, "Mama, nikisema mbele ya askofu kwamba naamini, na moyoni bado nina maswali, si nitakuwa nimesema uongo? Naweza kungoja mwaka mwingine?"

Tulitazamana na baba yake. Gharama zilikwisha kuingia, na majirani wangesema. Lakini ahadi inayotolewa kwa sababu gauni limeshonwa, ni ahadi gani? Baba akamjibu, "Mwanangu, ukingoja hakuna atakayekugombeza. Gauni litakaa sandukuni."

Tulimpeleka kwa mchungaji. Hakumkemea. Alimwambia kwamba kuwa na maswali si kumkataa Mungu, akamwomba asikilize vizuri siku ya ubatizo wa mdogo wake, kisha aamue.

Jumapili hiyo binti alisimama karibu nasi, ameshika taulo la mtoto. Tulipotoka nje akasema, "Kumbe hata mimi mlinisemea hivyo hivyo! Basi sasa ni zamu yangu." Akaendelea na darasa, maswali yake akiwa nayo, ila alituomba tusali naye kila usiku. Askofu alipokuja, alijibu kwa sauti ndogo, lakini ilikuwa sauti yake mwenyewe. Bibi alilia machozi ya furaha.

Mary Sumner alipoanzisha Umoja wa Akina Mama nchini Uingereza mwaka 1876, alitaka wazazi waone kuwa malezi ni wito kutoka kwa Mungu. Mwalimu wa darasa hukaa na watoto wetu saa chache tu kwa juma. Sisi tunakaa nao mezani, jikoni na shambani. Tuwasikilize wanapouliza, wala tusiwasukume kwa ajili ya sherehe. Pilau huisha siku hiyo hiyo, bali ahadi ni ya maisha.

Mungu azibariki nyumba zenu.